DSLR au kamkoda? Jiulize kwanza kama watarudia

Mdogo wangu mmoja wa kazini kapokea pesa ya mchezo, kaja mbio: "Dada, ninunue DSLR au kamkoda?" DSLR ni ile kamera ya picha ya lenzi za kubadilisha, inayorekodi video pia; kamkoda ni kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya video. Nikamrudishia swali: hao utakaowapiga video, unaweza kuwaambia warudie?

Mimi napiga harusi Tanga, hasa ukumbi wa wanawake, ambako mwanamume na kamera yake haingii. Nilianza na Canon 550D, ile ya mwaka 2010. Ilikuwa inarekodi faili lisilozidi GB 4, yaani dakika 12 hivi kwa HD kamili, halafu inajizima kimya. Siku moja nimeiacha kwenye stendi inarekodi taarabu, mimi nahangaika na taa. Bibi harusi akatolewa. Nyanya yake akainuka kitini, akamtuza noti huku analia. Narudi kwenye kamera, kumbe imeshalala kitambo. Nilichokuwa nacho ni dakika 12 za mpiga kinanda.

DSLR zilizofuata zikafika dakika 29 na sekunde 59. Hapo tatizo halikuwa ufundi: Ulaya ilikuwa ikitoza ushuru mkubwa kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi mfululizo, viwanda vikaikatisha makusudi. Kamkoda haina mchezo huo. Sony HXR-NX100 ninayotumia sasa ina nafasi mbili za kadi, moja ikijaa inahamia ya pili, na betri moja ya NP-F970 hunifikisha hadi keki.

Sasa usidhani naidharau DSLR. Kihisi chake, kile kipande kinachonasa picha, ni kikubwa, kwa hiyo hina mkononi, au uso karibu na dirisha, hutoka na nyuma imefifia kama moshi. Lakini uzuri huo una bei yake. Kwa 550D na lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/1.8, yaani tundu lake la mwanga likiwa wazi sana, mtu akiwa mita mbili, kinachoonekana sawasawa ni kama sentimita 11 tu kutoka mbele hadi nyuma, sawa na upana wa kiganja. Bibi harusi akisogea hatua moja, macho yamepotea, kinachong'aa ni pazia. Akiwa ametulia unaye, akicheza, utalia. Kamkoda hukusamehe hapo, na zumu yake huvuta taratibu kwa kidole kimoja bila kutikisika.

Juani nako kuna kazi. Tunarekodi fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, yaani kila fremu hupokea mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, ambayo pia huzuia taa za umeme wetu wa 50Hz zisipepese kwenye picha. Kwa shata hiyo, ufukweni saa saba mchana picha inaungua, inakuwa nyeupe tupu. Kamkoda kama yangu ina kichujio cha kupunguza mwanga ndani yake, unageuza swichi tu. DSLR unakifunga mbele ya lenzi kwa mkono, na jasho lako.

Sauti ndiyo wengi wanaisahau. NX100 inapokea waya za XLR, zile nene za sauti za kitaalamu, kutoka miksa ya DJ moja kwa moja. Kwenye DSLR chukua rekoda ya pembeni, na kabla hujaanza piga kofi moja kubwa mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo utakalolinganishia sauti na picha wakati wa kuhariri.

Kwa hiyo, harusi, mahafali, mawaidha: kamkoda. Tangazo la duka, video ya muziki, mahojiano ambayo unaweza kusema "tena": DSLR. Nilimwambia mdogo wangu aanze na kamkoda, kwa sababu wateja wake wote ni wa harusi, DSLR ataazima kwangu siku ya hina.

Ukinunua kamkoda iliyotumika, usiridhike na kuona inawaka. Vuta zumu mwanzo hadi mwisho polepole, uhisi kama inakwama. Ingiza kadi yako mwenyewe, bonyeza rekodi, uiache dakika 40 hapo hapo kwenye kaunta. Kanywe chai. Ukirudi, itazame kadi yote kabla hujatoa hela.