Kovu Lako Limevimba? Usianze na Kisu

Ukinijia kliniki na kovu lililovimba, nitakuuliza kwanza kidonda chenyewe kilikuwa na ukubwa gani. Kama kovu limeinuka lakini limebaki palepale ulipokatika, hilo ni kovu nene tu. Huanza kujitokeza ndani ya wiki chache, na mengi hulegea na kushuka yenyewe kwa kipindi cha mwaka mmoja au zaidi. Kama limevuka mpaka, yaani sikio lilitogwa katundu kadogo na leo ndewe imebeba uvimbe mkubwa kuliko hereni, au chunusi moja ya kifuani imezaa mstari mgumu unaotambaa kuelekea titi, hiyo ni keloidi. Hiyo haina desturi ya kushuka yenyewe. Mwili umeshaponya kidonda lakini unaendelea kumwaga nyuzi za kolajeni, kama fundi ambaye ukuta umeshafika juu naye bado anapanga tofali.

Mimi ni afisa tabibu wa magonjwa ya ngozi. Nilisomea Moshi, pale KCMC, na sasa nafanya kazi mkoani Tanga. Wagonjwa wangu wa keloidi wengi ni vijana, kwa sababu mara nyingi huanza kati ya miaka 10 na 30, hutupata zaidi sisi wenye ngozi nyeusi, na hutembea ndani ya ukoo. Waulize mama na shangazi zako, huenda ukamkuta mwenzako. Haiambukizi, si saratani, wala hujarogwa. Nalisema hilo la mwisho kwa kuwa naulizwa kila mara, tena kwa sauti ya chini.

Ila kuna jambo moja la kuangalia. Uvimbe mgumu uliojiotea bila jeraha lolote unalolikumbuka, au unaotoa damu, au uliochimbika kidonda kisichopona, usikubali uchomwe sindano kabla kipande hakijakatwa na kupelekwa maabara. Kuna saratani ya ngozi, ni ya nadra, inayofanana sana na keloidi.

Kabla hujaja, piga picha ya kovu ukiwa umeweka rula pembeni yake. Miezi mitatu ikipita utadhani hakuna kilichobadilika, na ile picha ndiyo itakayokusuta. Pia uje na majina ya dawa unazotumia. Mwenye kisukari ajue kwamba sindano zetu za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, zinaweza kumpandishia sukari kwa siku kadhaa. Anayetumia ARV zenye ritonaviri ndani yake asinifiche hata kidogo, maana ritonaviri huzuia mwili kuivunja steroidi ya sindano, ikabaki kwenye damu muda mrefu na kumvuruga homoni. Mjamzito aseme, na anayehisi huenda ni mjamzito aseme pia.

Sindano ndani ya kovu

Haya ndiyo matibabu ninayoanza nayo kwa wengi. Dawa inaitwa triamsinoloni, ni steroidi, na inachomwa ndani ya nyama ya kovu lenyewe. Ni nyeupe kama uji mwepesi na hutuama chini ya chupa, kwa hiyo lazima itikiswe vizuri. Ukiona mhudumu anavuta bila kutikisa, mkumbushe bila haya. Tunatumia bomba dogo la mililita moja na sindano nyembamba inayojifunga kwa kuzungushwa, kwa sababu keloidi changa ni ngumu kiasi kwamba sindano ya kuchomeka tu huweza kufyatuka na dawa kukurukia usoni.

Mara ya kwanza huwa ngumu kwako na kwangu pia. Nasukuma, dawa inakataa kuingia, kisha inapenya kidogo na unaona sehemu ile ya kovu inageuka nyeupe. Weupe huo ndio ninaoutafuta. Dawa ikiingia kirahisi mno nasimama, maana sindano imepita chini ya kovu na iko kwenye mafuta, na dawa ikikaa huko inachimba shimo. Inauma, sitakudanganya. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kadhaa kabla, inasaidia, na wengine tunawachanganyia lignokaini, dawa ya ganzi. Mara ya tatu kovu huwa limeshalainika na kazi inakuwa nyepesi.

Unarudi kila baada ya wiki 4 hadi 6. Nguvu ya dawa ni kati ya miligramu 10 na 40 kwa mililita, kutegemea unene wa kovu na mahali lilipo. Kitu cha kwanza kuondoka ni muwasho na ule mchomo wa usiku. Kushuka kwenyewe kunafuata taratibu, kwa miezi. Likifika bapa tunaacha, kwa sababu ukiendelea kuchoma utabaki na bonde. Ngozi ya pembeni inaweza kupauka kwa miezi kadhaa, na kina dada wengine hedhi hubadilisha tarehe. Ni vizuri ujue mapema usije ukashtuka.

Keloidi sugu tunaichanganyia dawa nyingine ya sindano, fluorourasili, ambayo kwenye karatasi utaiona imeandikwa 5-FU. Hiyo hapewi mjamzito wala anayetafuta ujauzito.

Silikoni, kubana, na baridi

Vipande vya silikoni na jeli yake hupatikana kwenye maduka makubwa ya dawa. Hufanya kazi vizuri kwa kovu jipya au baada ya upasuaji, na si kwa keloidi ya miaka kumi. Kivae saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi mitatu angalau. Kwa joto letu la pwani utatoka jasho chini yake na kupata vipele, kwa hiyo kivue kila siku, kioshe kwa sabuni, kausha ngozi, ndipo ukirudishe. Usoni tumia jeli.

Kubana ni kwa masikio na kwa makovu ya moto. Kuna hereni za kubana, sahani mbili ndogo zenye skrubu, za kuvaliwa baada ya keloidi ya ndewe kuondolewa. Zivaliwe sehemu kubwa ya siku kwa miezi sita au zaidi. Ndewe ikifa ganzi, legeza. Aliyeungua yeye huvaa nguo maalumu ya kubana karibu saa zote, akiivua tu kuoga.

Nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, huua seli za kovu. Huua pia seli zinazotengeneza rangi, na kwa ngozi yetu doa jeupe laweza kudumu. Naitumia kwa keloidi ndogo mahali panapofichwa na nguo.

Kisu, kwa masharti

"Dokta, nikate tu, harusi yangu mwezi ujao." Hapana, dada. Keloidi ikikatwa bila kitu kingine, vitabu vyetu vinataja kurudi kwa asilimia 45 hadi 100, na ikirudi mara nyingi inakuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu umeipa jeraha refu zaidi. Kwa harusi ya mwezi ujao, panga na mshonaji wako na msusi.

Sikatai upasuaji. Keloidi ya ndewe yenye shingo nyembamba hukatwa vizuri. Lakini mwulize daktari wa upasuaji kabla hujasaini fomu: baada ya kunikata nani atanichoma sindano, na lini? Kwa kawaida ya kwanza huchomwa siku hiyohiyo au wiki chache baadaye, kisha kila mwezi kwa miezi kadhaa. Asipokuwa na jibu, ahirisha.

Kwa zile kubwa zilizoshindikana kuna mionzi, ambayo hapa Tanzania unaisikia zaidi pale taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na hospitali ya Bugando, Mwanza. Inapaswa kuanza ndani ya siku moja au mbili baada ya kukatwa. Kwa hiyo ukikatwa Korogwe Jumatatu ndipo uanze kuhangaikia rufaa, umeshachelewa. Nafasi ya mionzi ipangwe kwanza, kisu kifuate. Watoto na wajawazito hawapewi.

Ya nyumbani

Mafuta ya nazi paka, yatalainisha na kupunguza muwasho, ila hayatalishusha kovu. Kitunguu saumu kibichi kinaunguza. Maji ya betri, wembe, na kufunga uzi mpaka kovu lidondoke, hivyo vyote vimeniletea wagonjwa wenye keloidi mbili badala ya moja. Krimu kali za steroidi zinazouzwa kiholela kama mkorogo huchubua ngozi nzima inayolizunguka kovu, nalo liko palepale.

Kama ukoo wenu una keloidi, msimtoge mtoto masikio. Mkiona hamuwezi kuacha, atogwe akiwa mdogo, kabla ya kufika miaka 11, maana baada ya hapo hatari huongezeka. Anayetoka vipele kisogoni amwambie kinyozi asishushe mashine hadi kwenye ngozi. Mama anayekwenda kupasuliwa ajifungue, asitaje keloidi yake akiwa tayari kitandani. Aseme kliniki, mapema, ili kidonda kiandaliwe mpango. Chanjo ya BCG ya mtoto msiikatae kwa hofu ya kovu la begani. Kifua kikuu hakina mzaha.

Kovu likishakuwa bapa, endelea kuonekana kliniki kwa mwaka mmoja hadi miwili. Lipapase kwa kidole ukioga. Ukihisi muwasho umerudi au ukingo umeanza kuwa mgumu, njoo wiki hiyohiyo usisubiri tarehe yako, kwa sababu likiwa na milimita mbili bado ni sindano moja au mbili tu.