Vim imerudi lakini haifunguki: kurekebisha viungo vya amri kwenye Ubuntu na Debian

Kijana mmoja wa hapa Langoni, Lamu, aliondoa Vim (kihariri cha maandishi) aliyoijenga mwenyewe ndani ya `/usr/local`, akaweka ya apt, kisakinishi cha mfumo. Apt ikasema ipo, terminali ikakataa: `/usr/local/bin/vim: No such file or directory`. Akaisakinisha tena na tena mpaka bando likamwishia. Usifanye hivyo, faili zote zipo.

1. Andika `type vim`. Achana na `which`, hiyo haijui sheli yako (bash, programu inayopokea amri zako) inakumbuka nini. Ukiona `hashed`, bash bado imekariri njia ya zamani.

2. Andika `hash -r`, bash isahau njia hiyo. Basi.

3. Kama `vi`, jina jingine la kuiita Vim, bado inagoma, tazama viungo vyenyewe, yaani majina yanayoelekeza kwenye faili lingine:

`ls -l /usr/bin/vi /etc/alternatives/vi`

Cha kwanza kinatakiwa kielekee cha pili, na cha pili kielekee programu halisi, mathalani `/usr/bin/vim.basic`. Kimoja kikielekea faili lisilokuwepo, toa amri hii, mfumo uchague wenyewe programu yenye kipaumbele cha juu:

`sudo update-alternatives --auto vi`

Hapa ndipo watu wanapokesha. Mstari wa `/usr/bin/vi` ukianza na `-` badala ya `l`, hicho si kiungo. Kuna mtu ameweka faili la kawaida pale, na `update-alternatives` hailigusi, inatoa onyo tu kisha inaendelea na mambo yake. Onyo lenyewe ni rahisi kulipita bila kulisoma. Lisogeze kwanza, usilifute, huenda ni skripti ya mwenye mashine:

`sudo mv /usr/bin/vi /root/vi.zamani`

Halafu rudia amri ya juu. Na tafadhali, usiunge kwa mkono kwa `ln -sf` ndani ya `/etc/alternatives`. Itafanya kazi leo, lakini mfumo utakiona kiungo kimebadilishwa, ukihamishie kwenye hali ya mkono na uache kukisasisha wenyewe.

4. `editor`, jina la kihariri cha kawaida cha mfumo, ni kiungo kingine kabisa. Usikitengeneze kwa `--auto`: nano, kihariri kingine, ina kipaumbele 40, `vim.basic` 30, kwa hiyo nano itashinda, nami nano siitaki hata bure. Chagua mwenyewe:

`sudo update-alternatives --config editor`

Ikiwa `crontab -e` (amri ya kuhariri kazi za ratiba) bado inafungua nano, endesha `select-editor`, bila sudo. Chaguo hilo hukaa kwenye `~/.selected_editor`, na kila mtumiaji ana lake.