Ukimtafuta ndugu yako kati ya wasio na majina

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko soko la Toi, Nairobi. Kutafuta waliopotea sikukusomea. Kuliniangukia pale kitinda mimba wetu alipotoka nyumbani Jumamosi moja asubuhi asirudi. Tangu tumpate, kina mama wa mtaani hunijia na picha kwenye simu wakiuliza, "Mama, nianzie wapi?" Nimesindikiza familia nane hadi sasa. Haya ndiyo ninayowaambia.

Anzia kituo cha polisi, na uende leo. Hakuna sheria inayokutaka usubiri saa 24. Mimi niliambiwa hivyo kwenye kituo kimoja, nikaambiwa pia kijana mkubwa huyo, huenda amepata mchumba. Nikarudi nyumbani nikaketi siku mbili, na siku hizo mbili zinaniuma mpaka leo. Ukizungushwa, omba kumwona mkuu wa kituo, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ile ya kitabu cha matukio cha kituo. Iandike kwenye karatasi, iweke kwenye simu, mtumie na ndugu mwingine. Kila mlango utakaobisha baadaye utaulizwa nambari hiyo.

Jioni hiyo hiyo, kabla hujakanyaga mochari yoyote, keti na watu wa nyumbani mumwandike mwili wake. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Huandika jina, kazi na simu, nayo mifupa iliyookotwa msituni haijui jina. Andika urefu. Andika mkono aliowahi kuvunjika, na ni upande gani, kwa maana mfupa ukiunga huacha alama inayoonekana miaka mingi baadaye. Kama aliwekewa chuma hospitalini, tafuta kadi ya hospitali hiyo. Vyuma vingine huwa na nambari ya kiwanda. Andika meno, moja baada ya jingine: lililong'olewa, lililozibwa, lililopanda juu ya jirani yake. Alikulia Nakuru au Naivasha, kwenye maji yenye floraidi nyingi? Basi huenda meno yake yana madoa ya kahawia, andika. Mzee wa Kiluo au wa Kimaasai aliyeng'olewa meno ya chini kwa mila, andika. Na picha utakayobeba iwe ile aliyocheka meno yakaonekana, si ile ya kitambulisho aliyofumba mdomo.

Kwangu daftari la vipimo ndilo lililosaidia. Nilikuwa nimemshonea ndugu yangu mara nyingi, kwa hiyo nilikuwa na kiuno chake, mabega yake, na urefu wa mguu kutoka kwenye kinena hadi kifundoni. Daktari hupima mfupa wa paja akakadiria urefu wa mtu. Hutazama nyonga na fuvu kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Hutazama meno na ncha za mifupa kukadiria umri. Ujue atakupa makadirio. Akisema miaka 25 hadi 35 na wako alikuwa na 37, usigeuke ukaenda zako.

Sasa mochari. Za Nairobi utakazozunguka kwanza ni ile ya kaunti kwenye barabara ya Ngong, ambayo wengi wetu bado tunaiita City Mochari, kisha ya Hospitali ya Kenyatta, kisha ya hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Lakini anayeokotwa porini hupelekwa na polisi wa eneo hilo, kwa hiyo usiishie mjini. Nenda Thika, Kiambu, Machakos, Naivasha. Januari 2022 miili ilipopatikana mto Yala, Siaya, waliotambuliwa wengine walikuwa wamepotea kaunti nyingine kabisa.

Ukifika dirishani usiulize kwa jina. Niliuliza kwa jina wiki tatu nzima, nikajibiwa "hayuko" kila mahali, na jibu hilo lilikuwa kweli: kwenye rejista asiyejulikana hana jina. Ana nambari, tarehe, jinsia, mahali alipookotwa na kituo cha polisi kilichomleta. Uliza hivi: "Naomba kuona wanaume wasiojulikana walioletwa kuanzia tarehe fulani, hasa waliotoka msituni." Uliza pia walioletwa wakiwa mifupa mitupu, maana hao mara nyingine hawako kwenye friji na mhudumu asiyeulizwa hatakumbuka kuwataja. Na uliza waliokwisha kuzikwa. Miili isiyodaiwa hutangazwa magazetini, familia hupewa siku chache, kisha kaunti hupata idhini ya kuizika. Kama umechelewa, uliza kama alama za vidole au sampuli ilichukuliwa kabla ya mazishi.

Vidole vikiwa bado vina ngozi, bahati yako kubwa. Kila Mkenya aliyechukua kitambulisho aliacha alama za vidole serikalini, na polisi wanaweza kuzilinganisha. Sisi hatukupata bahati hiyo. Ndugu yetu aliokotwa msitu wa Ngong na kina mama waliokuwa wakitafuta kuni, na fisi walikuwa wamefika kabla yao.

Nguo zake zililetwa kwenye mfuko wa karatasi. Suruali ya kaki, rangi imepauka hata huwezi kusema ilikuwa ya kijivu au ya mchanga. Nikageuza upindo wa mguu wa kushoto. Mishono ilianza kwa uzi wa kijivu, ikafika katikati, ikaendelea kwa uzi wa kijani kibichi hadi mwisho. Uzi wa kijivu uliniishia siku ile, na yeye alikuwa amesimama mlangoni ananiharakisha, akasema weka wowote dada, nani atainama kuangalia. Pamba ya suruali ilikuwa imelika lakini uzi ulikuwa wa poliesta, na poliesta haiozi upesi. Mhudumu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni wewe uliishona?" Nikashindwa kujibu, nikaitikia kwa kichwa tu.

Hata hivyo nakusihi: usizike kwa sababu ya nguo. Jiji hili linavaa mitumba, suruali moja ina mapacha elfu, na vijana huazimana. Nguo hukuonyesha pa kutazama. Uthibitisho ni vidole, meno au DNA. Nimeona familia ikilia juu ya mwili kwa sababu ya fulana ya timu ya mpira, halafu vipimo vikakataa.

Kwa DNA, anayefaa zaidi ni mzazi au mtoto wa damu. Mama yetu alipanda basi kutoka kijijini kwetu Mwala, akapanguswa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, kazi ya dakika moja, na sampuli ikapelekwa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kama wazazi hawapo, nendeni ndugu kadhaa wa mama mmoja, si mmoja peke yake. Mswaki wake, kitana chake na wembe wake usivioshe wala usiviguse sana. Vitie kila kimoja kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni hufuga unyevu na kuharibu.

Kisha utangoja, na kungoja huku ndiko kunakovunja watu. Miili ya Shakahola, msitu wa Kilifi walikozikwa wafuasi wa mhubiri waliofunga hadi kufa, ilianza kufukuliwa Aprili 2023, ikazidi 400, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Sisi tulingoja miezi saba. Kila wiki mbili nilipiga simu kwa askari yule yule wa upelelezi, kwa adabu, nikitaja nambari ya OB kabla ya jina langu. Wakati huo usiache kumtafuta akiwa hai: Shirika la Msalaba Mwekundu, makao yake South C, huunganisha familia zilizopoteana, na bure. Akikosekana kabisa, sheria yetu humhesabu aliyekufa mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangesikia habari zake; kwa hilo utahitaji mahakama na ile nambari ya OB.

Siku ya kuchukua mabaki, omba kuonyeshwa yote yakiwa yamepangwa, na uulize ni nini hakikupatikana. Ni haki yako kuuliza, na usione haya. Kwetu lilikosekana taya la chini na mifupa mingi ya mkono. Niliomba iandikwe kwenye faili, nikaacha namba mbili za simu. Mwaka uliofuata mchunga mifugo mmoja alikuta taya ukingoni mwa msitu ule ule, akaliacha lilipo, akaweka jiwe la alama na kuita polisi, na hivyo ndivyo na wewe ufanye ukikuta mfupa. Walinipigia Jumanne nikiwa kwenye cherehani. Tulirudi Mwala na sanduku dogo, tukafungua udongo upande wa kichwani.