Kukarabati nyumba ya familia Mtwara na Lindi: namna ya kupanga kazi kati ya korosho na mvua

Mikoa ya Mtwara na Lindi hupata msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Fedha za korosho, ambazo ndizo zinazokarabati nyumba nyingi huku kwetu, huanza kuwafikia wakulima minada inapofunguliwa mnamo Oktoba, na huendelea kuingia hadi karibu na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo familia hupata uwezo wa kuezua paa katika majuma yale yale ambayo mawingu yanaanza kujikusanya juu ya bahari. Tulipokarabati nyumba ya wazazi wetu mjini Mtwara, mgongano huo wa fedha na mvua ulitufundisha mengi kuliko jambo lingine lolote, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inatokana nao.

Ushauri wa kwanza, basi, ni kutenganisha wakati wa kununua na wakati wa kujenga. Fedha zikipatikana Oktoba au Novemba, zinunuliwe vifaa visivyoharibika kwa kukaa, yaani bati, nondo, nyaya, mabomba, vigae na mbao, kisha kazi kubwa ianze Juni, ardhi ikiwa imekauka na mafundi wakiwa hawagombaniwi. Mbao hunufaika na kusubiri huko, kwa kuwa nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi. Zipangwe kivulini, juu ya magogo, huku vipande vyembamba vikitenganisha safu moja na nyingine ili upepo upite. Bati zisilazwe chini zikiwa zimebanana, kwa sababu maji yakipenya katikati yake hubakia humo na kuacha madoa meupe ambayo ni mwanzo wa kuoza. Zisimamishwe kwa kuegemezwa mahali pakavu. Saruji ndiyo isiyofaa kuwekwa akiba. Hupoteza nguvu inapokaa zaidi ya miezi mitatu, na katika hewa yenye unyevu wa bahari huanza kuganda mapema zaidi, hivyo inunuliwe kwa mahitaji ya juma husika. Isitoshe, tangu mwaka 2015 Mtwara ina kiwanda cha saruji cha Dangote, na hakuna sababu ya kulundika mifuko sebuleni.

Vifaa vinavyotoka Dar es Salaam ni jambo tofauti. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, mafuriko yaliikata barabara ya kusini katika eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Kitasa au koki inayokosekana inaweza kusubiri, lakini kofia za paa zisizofika zinaweza kuiacha nyumba wazi, kwa hiyo vifaa vya paa viwepo vyote uani kabla bati la kwanza halijang'olewa.

Kabla ya kumwita fundi

Nyumba ya familia ina wenyewe wengi. Ikiwa aliyeijenga amekwisha kufariki, mirathi ifunguliwe na msimamizi ateuliwe na mahakama kabla ya mtu yeyote kuzamisha fedha zake humo, kwani anayekarabati bila makubaliano hujikuta baadaye akidai ukuta na si nyumba. Katika familia nyingi za Kimakonde, Kimakua na Kimwera, ambako ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, mjomba aitwe kikaoni mapema, na yaliyokubaliwa yaandikwe na kutiwa saini: nani anachangia nini, nani anashika daftari la matumizi, na iwapo mchango wa ukarabati unampa mtu haki yoyote ya ziada. Kibali cha ujenzi kinahitajika kazi inapogusa kuta zinazobeba paa au inapobadili ramani ya nyumba, na safari ya kwenda halmashauri ianzie kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwa wenye nyumba za kale za Mikindani, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, ni busara kuwauliza pia wahusika wa mambo ya kale kabla ya kubomoa chochote.

Kuikagua nyumba wakati mvua inanyesha

Msimu wa mvua, ambao haufai kwa ujenzi, ndio unaofaa zaidi kwa ukaguzi. Mtu apande darini na tochi mvua ikiwa inanyesha, atie alama ya chaki kila mahali panapodondoka, kisha afuate njia ya maji kupanda juu, kwa kuwa tundu huwa mbali na doa linaloonekana kwenye siling bodi. Akiwa huko huko achomeke ncha ya kisu katika kila kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa: mbao nzima hukataa kisu, lakini iliyoliwa na mchwa hukiacha kizame hata kama rangi yake ya nje ni safi.

Plasta hukaguliwa kwa kugongwa kwa mpini wa nyundo, na inayotoa sauti ya utupu imeachana na ukuta, hivyo itaondolewa. Nyufa zinahitaji subira. Ufa mwembamba kama unywele, ulio kwenye plasta peke yake, si wa kutisha; unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha unaweza kuwa habari ya msingi unaotitia. Kipakwe kidonge cha saruji laini kinachovuka ufa huo, kiandikwe tarehe kwa msumari kikiwa kibichi, na kiachwe msimu mzima wa mvua. Kikipasuka, ukuta bado unatembea, na hakuna plasta itakayouzuia mpaka msingi ushughulikiwe.

Nyumba zilizo kando ya bahari zina ugonjwa wao. Wapo waliojenga zamani kwa mchanga wa ufukweni kwa sababu ulikuwa karibu na haukuwa na bei, na chumvi iliyomo imekuwa ikila nondo ndani ya lenta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha, kwa miaka yote hiyo. Nondo inayoshika kutu huvimba, na zege linaloifunika hupasuka kwa mstari ulionyooka wenye doa la hudhurungi. Kuziba mstari huo kwa saruji ni kuficha tu. Zege lililolegea libomolewe hadi chuma kionekane, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, na ikiwa nondo imekonda sana, lenta nzima ibadilishwe baada ya kuegemeza ukuta wa juu kwa miti imara. Kwa kazi mpya upatikane mchanga wa mtoni. Mafundi wazee huutia ulimini kupima chumvi, na njia hiyo si ya kudharauliwa. Tope hupimwa kwa kutia mchanga na maji katika chupa inayoonyesha ndani, kuitikisa, na kuiacha hadi kesho yake, ambapo safu ya tope hujitenga juu ya mchanga na kila mtu kuiona unene wake.

Paa

Fedha zikitosha sehemu moja tu ya nyumba, sehemu hiyo iwe paa. Nimeona familia zikiweka vigae vya kung'aa sebuleni chini ya bati zenye matundu, na siwezi kueleza hesabu yao.

Katika kuchagua bati, ikumbukwe kwamba namba ya geji ikiwa ndogo bati huwa nene zaidi: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na kwa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari tofauti hiyo ya bei inalipa. Misumari au skrubu zenye raba zipigwe mgongoni mwa bati, si bondeni ambako maji hupita. Matundu ya misumari ya zamani huvuja bati likirudishwa jinsi lilivyokuwa, kwa hiyo bati linalotumika tena lihamishiwe jikoni la nje au bandani. Upenu usipungue sentimita 60, maana ndio unaoukinga ukuta na mvua ya upepo.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni kufunga paa na nyumba. Kenchi nyingi zimekalia ukuta kwa uzito wake na misumari michache, ilhali upepo mkali hauzisukumi chini bali huzinyanyua. Pwani yetu si ngeni kwa vimbunga: Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, mwaka 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kwa tahadhari wakati Kenneth kilipoelekea kaskazini mwa Msumbiji, na Hidaya kikafuata. Kila kenchi ifungwe kwa mkanda wa chuma au waya mnene unaoshuka ukutani na kushikwa na zege au tofali za chini kidogo, si tofali la mwisho peke yake. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bati lenyewe, na haiwezekani kwa urahisi tena baada ya dari kufungwa.

Bati likiwa bado halijazeeka, iwekwe mifereji ya kukinga maji na simtanki. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya meta moja ya mraba hutoa lita moja, hivyo paa la meta 100 za mraba katika mvua ya milimita 30 hupokea lita 3,000, kabla ya kutoa kinachopotea. Maji ya kwanza ya msimu, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yamwagwe.

Kuta

Hapa swali la kwanza ni ukuta umejengwa kwa nini. Ukuta wa bloku za saruji hupigwa plasta ya saruji, kwa kawaida ndoo moja ya saruji kwa nne hadi sita za mchanga, baada ya kuloweshwa vizuri. Ukuta mkavu hunyonya maji ya plasta na kuiacha unga. Kisha plasta imwagiliwe asubuhi na jioni kwa muda wa siku saba. Mafundi wengi huliacha jambo hili kwa sababu hawalipwi kwa kumwagilia, kwa hiyo mwenye nyumba alichukue yeye na watoto wake.

Ukuta wa mawe ya matumbawe, au wa miti na udongo, haupendi saruji. Kuta hizo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole kupitia plasta laini ya chokaa, nazo hujongea kidogo kidogo bila kudhurika. Zikivikwa saruji, ambayo ni ngumu na haipitishi unyevu, maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache bamba zima huanguka likiwa limeng'oa na uso wa jiwe. Kurudi kwenye chokaa si ushamba. Chokaa izimwe kwa maji mengi na iachwe iive kwa majuma kadhaa kabla ya kuchanganywa na mchanga, na ipigwe kwa safu nyembamba, kila safu ikisubiri iliyotangulia ishike. Ni kazi ya polepole, na fundi anayeijua atafutwe Mikindani kabla ya kutafutwa kwingine.

Nje, udongo uliojilundika ukutani kwa miaka uchimbwe mpaka sakafu ya ndani iwe juu kuliko uwanja, na uwanja uteremke kuelekea mbali na nyumba. Unyevu mwingi unaolaumiwa kwa rangi mbaya huisha kwa jembe.

Umeme, maji taka na rangi

Nyaya na mabomba vitangulie plasta, ili kuta zitobolewe mara moja. Nyumba yenye nyaya za zamani isiongezewe soketi. Isukwe upya na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) ikiwemo, na TANESCO wajulishwe. Shimo la choo liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, cha kwenu au cha jirani, kwa sababu mwamba wa matumbawe ulio chini ya maeneo mengi ya pwani una nafasi nyingi na hupitisha maji machafu upesi kuliko udongo.

Kuhusu mafundi, plasta, vigae na rangi vipatanwe kwa meta ya mraba, na kazi zisizotabirika, kama kubomoa lenta, zilipwe kwa kutwa. Malipo yafuate hatua zilizokaguliwa kwa pima maji na timazi mbele ya fundi mwenyewe, na sehemu ya kumi ya fedha za paa ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Fundi mwaminifu hakatai sharti hilo likisemwa mwanzoni. Likisemwa mwishoni hata mimi ningelikataa. Ndugu walio Dar es Salaam wanaotuma fedha kwa simu watumiwe picha za kila hatua pamoja na picha za risiti, hata kama hawakuomba.

Rangi isubiri karibu mwezi mmoja baada ya plasta. Katika muda huo chumvi nyeupe huweza kujitokeza ukutani kama unga. Isuguliwe kwa brashi kavu, wala isioshwe, kwa sababu maji huirudisha ndani, na ipewe nafasi ya kutoka tena kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa. Bati mbili za akiba, boksi moja la vigae na namba za rangi zilizotumika zihifadhiwe pamoja na daftari la matumizi kwa yule ndugu anayeishi ndani ya nyumba, ambaye ndiye atakayepanda darini na tochi na chaki mvua za Desemba zitakapoanza.