Kumsaidia mtoto mwenye usonji katika kambi ya Kiyahudi ya kiangazi

Kambi za Kiyahudi nchini Marekani zina uzoefu wa miaka mingi wa kuwapokea watoto wenye ulemavu. Mpango wa Tikvah, unaowapokea watoto hao katika kambi za Kiyahudi za Ramah, ulianza mwaka 1970. Hata hivyo, kabla ya safari, mzazi amweleze mlezi atakayelala na mtoto bwenini ni nini humtuliza na ni dalili gani hutangulia anapozidiwa.

Siku inayohitaji maandalizi makubwa zaidi ni Sabato, kwa kuwa ratiba yote hubadilika na, katika kambi zinazoshika sheria ya dini ya Kiyahudi, hakuna kuandika wala kuchora tangu jua linapozama Ijumaa hadi Jumamosi usiku. Kwa hiyo ratiba ya picha, yaani kadi zinazomwonyesha mtoto kitakachofuata, ikamilishwe Ijumaa mchana, kila kadi ikiwa imebandikwa mahali pake: mishumaa, sala, chakula, nyimbo. Ikiwa mtoto huzungumza kwa kutumia tableti, ambayo sheria hiyo huweza kuizuia siku ya Sabato, rabi (kiongozi wa dini) wa kambi aulizwe mapema, maana si haki mtoto kunyimwa sauti yake siku nzima.

Nyimbo za mezani mara nyingi huambatana na kupiga meza kwa vishindo. Akalishwe karibu na mlango, awe na vizibo vya masikio, na akitoka, mlezi amfuate bila kumhoji.