Jinsi ya kusimamisha molekuli za Disperse Red 1 kwenye filamu ya PMMA hadi leza itoe kijani

Wadau, watu wengi wanatengeneza filamu safi kabisa ya PMMA (plastiki angavu) yenye rangi ya Disperse Red 1 (DR1), nyekundu inang'aa, af wakiipiga leza ya nanomita 1064 hamna kijani cha 532 (nusu ya urefu wa wimbi, yaani frikwensi imedabo). Filamu haina shida, ni molekuli ndo zimelala ovyo, kila moja na upande wake, basi mchango wa hii unafutwa na wa ile. Kina Peter Franken wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1961 walipodabo frikwensi ya mwanga walitumia fuwele ya kwatzi, ambayo imejipanga yenyewe toka ardhini. Sisi kwenye polima tunazipanga kwa umeme.

Filamu yenyewe haina mambo mengi. Yeyusha PMMA na rangi ya DR1, asilimia 10 hivi ya uzito, kwenye siklopentanoni, koroga usiku kucha, chuja kwa filta ya maikroni 0.2, dondoshea kwenye kioo chenye tabaka la ITO (oksidi angavu inayopitisha umeme) uzungushe mizunguko 2000 kwa dakika, kama nusu dakika hivi. Kausha polepole kwenye vakyumu, usiharakishe hapa, maana kiyeyushi kikibaki ndani filamu inatoa mapovu na molekuli zinalegea upesi baadaye.

Sasa kazi yenyewe. ITO unaiunga na ethi, unaweka sindano ya tungsteni sentimita 1 hivi juu ya filamu, unapasha joto mpaka karibu na pale polima inapolainika (PMMA tupu ni kama nyuzi 105, ikiwa na rangi inashuka chini ya hapo), ndo unawasha kilovolti 5 mpaka 6 kwenye sindano. Weka rezista kubwa kwenye waya wa volti na usiguse kitu mpaka uzime na kuunga sindano na ethi, tafadhali sana. Baada ya dakika kumi na kitu zima hita lakini UMEME USIZIME, subiri mpaka filamu ipoe kabisa ifike joto la chumba. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanazima vyote pamoja na molekuli zinarudi kulala zikiwa bado za moto.

Utajuaje zimesimama? Pima rangi kwa spektrofotomita kabla na baada, mwanga ukiingia wima. Molekuli ikisimama inafyonza kidogo, kwa hiyo kilele cha karibu nanomita 490 kinashuka. Ila kinaweza kushuka pia kwa sababu rangi imeungua au imeruka kama mvuke, kwa hiyo chukua kipande kimoja ukipashe tena bila umeme: rangi ikirudi, zilikuwa zimesimama kweli, isiporudi umeiunguza. Mi naamini jaribio hili kuliko kukimbilia leza.

Ukienda kwenye leza vaa miwani yake, 1064 haionekani na jicho halina spea, halafu inamisha filamu nyuzi 50 hivi na upolaraizi uwe p (uga wa umeme wa mwanga utetemeke kwenye bapa lenye mwale na mstari wima wa filamu), kwani ukipiga wima hutapata kitu hata kama kila molekuli imesimama. Na pima siku hiyohiyo, maana kijani kinapungua kadiri siku zinavyokwenda. Ukitaka kidumu, tumia polima ambayo rangi imefungwa kwenye mnyororo wenyewe, sio iliyochanganywa tu.