Ndoo ya mboji kwa wasio na shamba

Unaishi Dar na huna hata kiraka cha bustani? Bado unaweza kutengeneza mboji. Chukua ndoo kuukuu ya lita 20 yenye mfuniko, itoboe matundu chini na ubavuni, iweke juu ya matofali, kivulini. Tia maganda ya ndizi, matembele yaliyonyauka, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyopondwa.

Siri yote iko kwenye vikavu. Kila ukimwaga kopo moja la mabaki mabichi, funika kwa makopo mawili au matatu ya majani makavu, maranda ya seremala au boksi lililochanwachanwa. Wengi huruka hatua hii, ndoo ikanuka, wakakata tamaa. Ikinuka, ongeza vikavu na ugeuze kwa kijiti. Ikikauka, nyunyiza maji kidogo.

Nyama, samaki na mafuta usitie, vinaita panya. Na majani ya mwembe unayofagia uani usiyachome tafadhali, moshi ule unaumiza vifua vya watoto. Yajaze kwenye gunia, ndiyo akiba yako ya vikavu. Kwa joto letu, baada ya miezi mitatu hivi utapata mboji nyeusi inayonukia kama udongo wa mvua, tayari kuchanganywa na udongo wa kupandia mchicha.